Nguzo Tano kwa Macho ya Mwosha

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na pia ni mwosha maiti. Kazi ya kwanza ndiyo inayonilisha. Ya pili haina malipo, na sijaona mtu akiiandika kwenye kibao cha duka. Niliingia kwenye kuosha kupitia kitambaa. Mwanamke akifariki mtaani, vilio vikitulia kidogo, kitu cha mwanzo kinachotafutwa ni bafta na mtu wa kuipasua. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mwosha tangu mimi sijaolewa, na macho yalikuwa yameanza kumpa shida. Akaniita: "Njoo unipimie, wewe ndiye mwenye futi." Nikampimia. Siku nyingine akanipa kata nimwage maji. Siku nyingine tena akanifunga kitambaa mkononi, akanisogeza kando ya kitanda, akasema, "Anzia kulia." Ndivyo nilivyohitimu.

Kwenye chuo cha Qur'ani tulizisoma nguzo za Uislamu kwa sauti moja huku tukiyumba mbele na nyuma: shahada, sala, zaka, saumu, hija. Tukamalizia na zile sita za imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, heri yake na shari yake. Mwalimu alikuwa na bakora, sisi tulikuwa na vichwa vyepesi, na mambo yakaingia. Lakini kilichonifanya nizitazame nguzo hizo moja moja ni kitanda cha kuoshea. Pale mtu amekwisha kufika mwisho wa uwezo wake, hawezi hata kugeuza shingo, na swali linabaki kwetu tuliosimama: katika yale aliyokuwa akidaiwa na Mola wake, lipi tunaweza kumfanyia, na lipi limeondoka naye?

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaiogopa kwa kuwa hawajaingia chumbani humo.

Kumwosha Muislamu aliyefariki, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Wakijitokeza wachache wakaifanya, mji mzima umetuliwa mzigo. Wakikosekana, mji mzima unaulizwa. Mwanamume anaoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, na mtoto mdogo anaweza kuoshwa na yeyote. Shahidi wa vitani haoshwi, anazikwa na damu yake. Aliyekufa maji ana daraja ya shahidi huko aendako, lakini huku kwetu anaoshwa kama wengine. Mwili usiostahimili maji, kama wa aliyeungua vibaya, unatayamamishwa kwa vumbi safi badala ya maji. Haya yote yako vitabuni na masheikh wanayasomesha. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba msingi wa elimu hii umepokewa kwa mwanamke. Alipofariki binti wa Mtume (s.a.w.), ambaye kwa riwaya ya Muslim ni Zaynab, waliomwosha ni wanawake wa Madina, akiwemo Ummu Atiyya wa Ansari. Yeye ndiye aliyesimulia walivyoagizwa: wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, mara ya mwisho watie kafuri, na waanze upande wa kulia na viungo vya udhu. Walipomaliza wakampa habari, naye akawapa shuka yake mwenyewe wamvishe, iwe ndiyo inayogusa mwili. Nywele wakazisuka mikia mitatu, wakailaza nyuma. Mpaka leo tunasuka mikia mitatu, na kila nikisuka namkumbuka yule mama.

Chumba kinafungwa. Wanabaki watatu au wanne, na kila aliyemo ana kazi. Asiye na kazi anatoka, hata awe nani. Binti anayetaka kumwosha mama yake tunamkaribisha, kwa sababu ana haki hiyo kuliko mimi. Zamani, nyumba za sakafu ya udongo, palichimbwa shimo chini ya kitanda ili maji yaingie humo, wazee wakiliita ufuo. Siku hizi sakafu ni saruji na vigae, basi tunatega mabesheni au tunasogeza kitanda mpaka penye mkondo wa maji ya bafu. Chetezo cha udi kinafuka pembeni muda wote. Marehemu amefunikwa shuka, maji yanapita juu ya shuka, na mkono uliofungwa kitambaa unaingia chini yake. Hatumwachi uchi hata kidogo. Hapo shangazi alikuwa mkali kuliko mahali pengine popote. Alikuwa tayari kuvumilia kata iliyoanguka, ndoo iliyomwagika, hata mtu aliyeangua kilio, lakini si shuka iliyoteleza.

Anainuliwa kidogo, mgongo ukaegemea goti la mwosha, na tumbo linaminywa polepole ili kilichobaki kitoke. Anasafishwa. Kitambaa cha mkononi kinatupwa, kinafungwa kingine. Kisha udhu. Kinywa kinafutwa kwa kitambaa kibichi, hatumimini maji ndani. Pua vilevile. Uso. Mkono wa kulia mpaka kiwikoni, kisha wa kushoto. Kichwa kinapakwa maji, masikio, miguu mpaka vifundoni. Ni udhu uleule aliokuwa akitia mwenyewe kabla ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha tangu alipokuwa msichana, na leo anatiwa na mwingine. Siku za mwanzo mkono wangu ulikwenda mbio kama niko bombani kwangu, na shangazi akanikamata kifundo cha mkono: "Taratibu, mwanangu. Wewe una udhu mwingine baadaye."

Baada ya hapo kichwa kinaoshwa kwa maji ya mkunazi, upande wa kulia kuanzia shingoni mpaka unyayo, kisha wa kushoto, kisha maji safi. Mkunazi tunautwanga mpaka utoe povu. Dukani sabuni zimejaa na tunazitumia pia, ila mkunazi hatuuachi. Maji ya mwisho ndiyo yanayotiwa karafuu maiti kidogo, yaani ile kafuri, na harufu yake inanasa kwenye nguo zako siku nzima. Wateja wangu wanaijua. Nikirudi dukani hawaulizi nilikokuwa, wanauliza ni nani.

Na siri. Linaloonekana chumbani linabaki chumbani. Kovu, ujauzito ambao haukutangazwa, alama za kipigo, chale za mganga mwilini mwa mtu aliyekuwa akiwasema wenzake kwa hirizi. Ukiona jema kama uso uliotulia, lieleze, familia itafarijika. Ukiona baya, lizike pamoja naye. Mtu mwenye mdomo mwepesi hatumwiti mara ya pili, hata akiwa hafidhi wa Qur'ani.

Kuna mzee mmoja, jirani wa barabara ya nyuma, alifiwa na mkewe baada ya ndoa ndefu. Tulikuwa tumeshaandaa maji alipogonga mlango wa chumba.

"Dada, naomba niingie nimwoshe mwenzangu."

Wanawake wawili wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti kwamba ndoa imeshakatika, sasa huyo ni mtu baki, hata kumtazama haifai. Shangazi hakugeuka. "Ali alimwosha mkewe Fatma. Abubakar aliusia aoshwe na mkewe, Asmaa binti Umays, na akamwosha. Mtume alimwambia mkewe Bi Aisha, ukinitangulia nitakuosha na kukukafini. Wewe hayo ya mtu baki umeyatoa wapi?" Kisha akafungua mlango. "Karibu, kaka. Una udhu?"

Kwa haki, watu wa madhehebu ya Hanafi wanasema mume hamwoshi mkewe, na pengine yule mama alikuwa ameisikia kauli hiyo mahali. Sisi pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwetu anamwosha. Mzee akakunja mikono ya kanzu, akakaa kwenye kigoda upande wa miguu. Tulimpa kata. Alimwagia mguu wa kulia maji kidogo kidogo, akipitisha kidole katikati ya vidole vya mkewe. Tulipotaka kumgeuza tuoshe ubavu wa kushoto, akainua mkono. "Bega hilo msilivute, linamuuma." Hakuna aliyemsahihisha. Tukamgeuza kwa kumshika mgongoni na kiunoni, bega likabaki kama alivyotaka.

Sanda sasa, ambayo ni eneo langu. Mwanamume vitambaa vitatu, mwanamke vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio wa kichwa, na mbili pana za kumzungushia mwili mzima. Hiyo kanzu ni kitambaa kilichokunjwa na kukatwa shingo, hakina pindo, kifungo wala mfuko. Vipande vya kufungia tunavichana kutoka bafta ileile, kichwani, kiunoni na miguuni, na wanaume wanavifungua kaburini. Pamba inawekwa sehemu zake, manukato yanapakwa kwenye viungo vya kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Kuna familia zinazotaka kitambaa cha bei ya juu ili watu waone. Nami huwaambia habari ya Abubakar: aliagiza azikwe na nguo aliyokuwa nayo, ifuliwe na kuongezwa shuka mbili, akasema aliye hai anahitaji nguo mpya zaidi. Wengine wanaelewa, wengine wananunua hivyohivyo. Nimeshona magauni ya harusi ya watu ambao baadaye niliwapimia bafta, na sikuhitaji kupima upya. Fundi hasahau urefu wa mteja.

Akishafungwa, kazi yetu imekwisha. Huku pwani wanawake hatufuati jeneza. Wanaume wanalibeba wakipokezana mabega, sauti ya "La ilaha illa Llah" ikiishia kona ya barabara, nasi tunabaki na mabesheni. Msikitini anasaliwa sala isiyo na adhana, rukuu wala sujudu. Ni kusimama na takbira nne: baada ya ya kwanza Fatiha, ya pili kumsalia Mtume, ya tatu kumwombea marehemu, ya nne dua fupi, kisha salamu. Imamu anasimama usawa wa kichwa ikiwa ni mwanamume, usawa wa kiuno ikiwa ni mwanamke. Sala hiyo Mtume aliisali hata kwa aliye mbali, Najashi, mfalme wa Uhabeshi, ilipofika Madina habari ya kifo chake. Kaburini analazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla, ambayo hapa Tanga ni kaskazini karibu sawasawa kwa kuwa Makka iko juu yetu kabisa kwenye ramani. Mimi mwanandani naijua kwa kusimuliwa na kaka yangu. Kazi yangu inaishia mlangoni.

Lakini kabla ya kusaliwa kuna tangazo. Mmoja wa jamaa husimama akasema: anayemdai marehemu ajitokeze kwetu, na anayeweza kusamehe asamehe. Wengi hulisikiliza nusu sikio, na mimi naona hapo ndipo penye uzito wa siku nzima. Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyeacha deni la dinari mbili, hakumsalia mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo liko juu yangu. Na katika mali ya marehemu, utaratibu ni gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi waje. Nimeona watu wakigawana friji na vyerehani kabla hata arobaini, na mwenye duka la jirani ana daftari limejaa jina la marehemu.

Mama mmoja muuza vitumbua alifariki akiwa ameshapokea mchezo, ile fedha ya kuchangiana kwa zamu, na bado anadaiwa mizunguko. Wanawake wa mchezo wote walikuwepo msibani, wamekaa mkekani. Mmoja akasema nimesamehe, wa pili akasema nimesamehe, ikazunguka hivyo mpaka ikamfikia dada mmoja, akanyamaza. Ilikuwa zamu yake kupokea, na ada ya shule ya wanawe ilikuwa imekaa humo. Kuna waliomtupia jicho baya. Mimi naona alikuwa na haki yake kamili, na kunyamaza kwake kulikuwa na ukweli kuliko baadhi ya misamaha iliyotolewa kwa kuona haya. Mdogo wa marehemu, kijana wa bodaboda, akaitwa. Akasimama mlangoni bila kuvua kofia ya pikipiki. "Mama, deni hilo ni langu. Nitakuletea kila wiki." Na alileta. Namjua, alikuwa akipita dukani kwangu kuacha sehemu yake kwa kuwa mdai alikuwa mteja wangu.

Sasa zirudie zile nguzo ukiwa umesimama hapo msibani. Zaka ni deni kama la mchezo. Mtu aliyekuwa na mali iliyofika kiwango, thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikazungukiwa na mwaka, akafa hajatoa ile asilimia 2.5, zaka inatolewa kwenye mali yake kabla ya warithi kugusa kitu. Kwa wanawake wa huku ugomvi unakuja kwenye dhahabu. Madhehebu yetu hayadai zaka ya mapambo yanayovaliwa kihalali. Bangili za mkononi zimesalimika, ila ile iliyofungwa kwenye leso chini ya sanduku, haivaliwi, imewekwa iwe akiba, hiyo ina zaka yake. Mabinti huwa hawajui ipi ni ipi, na aliyejua ndiye tuliyetoka kumwosha. Kama una dhahabu, mwambie mtu.

Saumu nayo ina mlango. Mwanamke mwenye hedhi hasali wala hafungi. Sala hazilipi, saumu anazilipa, ndivyo Bi Aisha alivyosimulia walivyoamrishwa. Ndiyo maana sisi wanawake kila Ramadhani tunabaki na siku kichwani, ongeza mimba, ongeza kunyonyesha. Mwingine anafunga Jumatatu na Alhamisi mpaka anamaliza kabla ya Shaabani kwisha, mwingine anazibeba miaka. Akifa nazo ilhali alikuwa na nafasi ya kuzilipa, kuna njia mbili: jamaa yake amfungie, kwa hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika Bukhari na Muslim, au kitolewe chakula kwenye mali yake, kibaba kimoja kwa kila siku, kupewa maskini. Kwetu ni mchele. Vibaba vinne ndiyo pishi, na pishi ndiyo ile ile ya zakatul fitri, basi mwenye kujua kupima mchele hahitaji kikokotoo. Nimewahi kusaidia kupima mchele wa mama mmoja aliyeandika deni lake kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango wa stoo, mistari mitanomitano. Wanawe walidhani ni hesabu ya magunia.

Hija pia. Mwanamke wa kabila la Juhayna alimuuliza Mtume juu ya mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa hajaenda. Akaambiwa amhijie; angekuwa na deni si ungelilipa? Deni la Mwenyezi Mungu lina haki zaidi kulipwa. Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo akachelewa, anatolewa gharama ya mtu kwenda kwa niaba yake, kwa sharti kwamba huyo anayekwenda ameshahiji mwenyewe. Hapa nina neno. Wako watu wanaojenga ghorofa ya pili wakisema hija nitahijiwa. Sheria imewapa mlango huo waliozidiwa na ajali ya mauti, sidhani kama uliwekwa ili mtu aupangie.

Inabaki sala. Kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu, sala aliyoacha marehemu hailipwi na mtu mwingine wala haina fidia. Wapo wanaotoa chakula kwa ajili yake kwa kauli nyingine, na siwazuii. Lakini zingatia tunachofanya pale msikitini: tunamsalia, hatusali badala yake. Mali yake inaweza kumlipia zaka, mwanawe akamfungia, jirani akamhijia, na mimi nikamtia udhu, lakini rakaa mbili za alfajiri aliyolala hakuna wa kumsimamia. Ile ambayo ni nyepesi kuliko zote, haihitaji fedha wala safari wala njaa, ndiyo isiyokuwa na wakala. Chuoni tuliambiwa sala ni nguzo ya dini, tukaitikia. Mimi niliiamini hasa nilipokuwa nikifuta viganja vya watu.

Shahada ni vivyo hivyo, mtu anaisema kwa ulimi wake. Tumeagizwa kumkumbusha anayekata roho "La ilaha illa Llah", na anayejua kazi anaitamka kwa upole, mara moja, akisikika ameisema basi tunamwacha nayo, isipokuwa akizungumza jambo lingine baadaye. Niliyoyaona kwenye nyumba za wagonjwa ni tofauti: watu sita wamemzunguka mtu asiyepata pumzi, wanampigia kelele masikioni, "Sema! Sema!", mpaka yule mgonjwa anafumba macho kwa kero. Ndiyo, nia ni njema. Ninawatoa nje wanne.

Kuhusu talakini ya kaburini, ile ya kumkumbusha maiti majibu ya Munkar na Nakir, nani Mola wako, ipi dini yako, nani Mtume wako, ndugu zetu wamegombana sana hapa mjini, na kwenye hitima na arobaini wamegombana zaidi. Sitaingia humo, sina elimu ya kuamua baina ya masheikh. Nina maoni juu ya sufuria tu. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, Mtume aliwaambia watu wapike wawapelekee watu wa Jaafar, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Wafiwa wanapikiwa. Kwetu wafiwa ndio wanaopika, tena pilau, tena la watu mia, na mjane aliyeanza eda yake ya miezi minne na siku kumi anakopa mchele dukani ili majirani wasiseme. Nimekaa nyumba ambazo deni la kulisha watu msibani lilikuwa kubwa kuliko alilokuwa nalo marehemu. Mtaani kwetu sasa tuna utaratibu: kila nyumba inaleta chungu kimoja siku ya kwanza. Haukuanza kwa fatwa, ulianza kwa wanawake watatu waliochoka.

Shangazi amefariki. Nilimwosha mimi, na binti yake, na shuka haikuteleza. Siku hizi wasichana wa madrasa wanakuja kwangu alasiri za Ijumaa kujifunza. Mmoja analala kitandani na nguo zake zote, wengine wanazunguka na kata tupu, na anayelala lazima acheke wanapomfika mbavuni, kisha wote wanacheka, nami nawaacha. Nawafundisha kukata kanzu ya sanda kwenye magazeti kwanza, maana bafta ina bei.

Nimegundua wana maswali ambayo sisi hatukuwa nayo. Maji lazima yafike kwenye ngozi na kucha, vinginevyo josho halikutimia. Sisi tulihangaikia hina, tukaambiwa hina ni rangi haizuii maji. Wao wanauliza juu ya nywele za kushonea, kope za kubandika, kucha za jeli. Nywele za kushonea tunazifumua, kazi ya subira tu, na hapo ufundi wangu unasaidia, nina mkasi mdogo wa kufumulia nyuzi. Kope zinatoka kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo. Kwenye kucha nilikwama, tukijaribu kwa wembe na kuogopa kuumiza kidole, na kumuumiza maiti ni kama kumuumiza aliye hai.

Msichana mmoja, anafanya kazi saluni barabara ya kumi na mbili, akanitazama kwa huruma. "Bibi, hizo hazikwanguliwi. Unaloweka pamba kwenye asetoni, unaifunga kwenye kucha kwa karatasi ya foili, unasubiri robo saa, inavuka yenyewe."

"Robo saa yote?"

"Na harufu yake kali. Fungueni dirisha."

Dirisha hatufungui, watu wako nje. Tulikubaliana chetezo kiwekwe mbali, kwa kuwa asetoni na moto havikai pamoja, na kazi ya kucha ianze kabla udi haujawashwa. Kikapu changu sasa kina bafta, futi, pamba, mkunazi wa kutwanga, karafuu maiti, mkasi, chupa ya asetoni na foili ya kufunikia chakula. Foili inakwisha haraka kuliko vyote, kwa sababu wajukuu wanaiiba.